Mlingoti wa Mufindi na mlingoti wa jahazi

Niliandika methali ubaoni, Kidato cha Tatu, hapa Mbeya mjini: Dau la mnyonge haliendi joshi. Nikauliza nani anaweza kuieleza. Kijana wa dawati la nyuma akasimama bila kusita. "Mwalimu, dau ni ile hela unayoweka kwenye mkeka wa kubeti. Mnyonge anaweka mia tano, na mia tano haikufikishi popote." Msichana mmoja, ambaye kwao ni wafugaji wa Usangu, akakataa. Yeye neno lililomsumbua lilikuwa joshi, na alilisikia kama josho, lile birika la dawa ambamo ng'ombe hupitishwa ili kupe wafe. "Mnyonge hana hela ya dawa, mwalimu. Kwa hiyo mifugo yake haiendi joshoni."

Hakuna aliyecheka, nami sikuwakatiza. Wote wawili walifika karibu kabisa na pale methali inapotaka mtu afike, kwamba asiye na uwezo hukwama. Lakini dau la methali hii ni chombo cha baharini, na joshi ni upande upepo unakotoka. Watoto wale hawakukosa akili. Walisikia maneno wasiyoyajua, wakayatafuta mahali wanapoishi, kwenye vibanda vya kubeti na kwenye mazizi.

Kiswahili kilikulia kando ya maji ya chumvi. Sisi wa nyanda za juu tulikipokea kikiwa na kamba zake, milingoti yake na matanga yake, kisha maneno hayohayo tukayapa kazi nyingine za huku kwetu. Mengine yalihama kweli kutoka chomboni kuja nchi kavu. Mengine yamefanana kwa sauti tu na hayajuani kabisa. Mwanafunzi anayafungulia kamusi, anakuta kila moja limeelezwa kuwa ni kamba ya tanga, au mti wa chombo, au upande wa merikebu, naye hajawahi kuliona jahazi hata kwa mbali. Anafunga kamusi akiwa na giza lilelile. Njia niliyoiona inafaa ni kuuliza kitu kile kinafanya kazi gani chomboni. Ukishaijua kazi, maana nyingine hujipanga zenyewe.

Nianze na mlingoti, kwa kuwa huo ndio ulionichanganya mimi.

Nimekulia Mufindi. Kwetu mlingoti ni mti unaoota: ule mrefu, mweupe wa gome, wenye majani ya harufu kali ambayo mama huyachemsha mtu mwenye mafua ajifukize. Vitabuni unaitwa mkaratusi na asili yake ni Australia. Njombe, Mafinga, Mufindi, mtu akikwambia ana ekari tano za milingoti unajua anasubiri kuuza nguzo za umeme na mirunda ya ujenzi. Sasa fikiria mtoto wa darasa la sita anayesoma hadithi ya jahazi lenye mlingoti mmoja. Niliona kichwani chombo chenye mti umeota katikati, na majani yake, na labda kiota cha ndege.

Mlingoti wa chombo ni mti uliokatwa, ukachongwa, ukasimamishwa ili ubebe tanga. Kwenye majahazi yetu hausimami wima kabisa, huinamia mbele kidogo. Chombo kikubwa huwa na mlingoti mwingine mdogo upande wa nyuma, mlingoti wa galme, wenye tanga lake dogo. Kisha kuna mti unaochomoza mbele ya chombo ukilala juu ya maji, nao unaitwa mlingoti wa maji. Kwa hiyo kusimama wima si sharti. Wapenzi wa mpira hilo wanalijua bila kulifikiri: kipa husemwa anakaa katikati ya milingoti mitatu, na wa tatu umelala juu ya kichwa chake. Bendera nayo ina mlingoti. Kote huko neno limebaki na wazo moja, mti mrefu ulionyooka ambao kazi yake ni kushikilia kitu. Naamini mti wetu wa Mufindi ulipewa jina kwa sababu hiyohiyo, mtu aliyezijua bahari aliutazama ulivyonyooka na jina likamjia lenyewe.

Sasa kosa ambalo karibu kila mwanafunzi wa huku hulifanya akichora jahazi ni kulifunga tanga kwenye mlingoti, kama bendera. Tanga halifungwi kwenye mlingoti. Linafungwa kwenye mti mwingine, foromali, ambao wenyewe hupandishwa juu ya mlingoti na kuning'inia kwa mshazari, ncha moja ikielekea chini upande wa mbele na nyingine ikielekea juu upande wa nyuma. Foromali huweza kuwa ndefu kuliko mlingoti unaoibeba, na mara nyingi huungwa kwa miti zaidi ya mmoja iliyofungwa pamoja kwa kamba. Tanga linaning'inia chini yake kama kanga kwenye kamba ya kuanikia. Usipoiona foromali, hutaelewa joshi, hutaelewa demani, na methali yetu itabaki kuwa ya kukariri tu.

Kamba nene inayopandisha foromali inaitwa henza, na hupita kwenye kapi, yaani kigurudumu chenye mfereji ambacho kamba huteleza juu yake. Ukiwahi kuona kisima kirefu ambacho ndoo hushushwa kwa kamba kwenye kigurudumu, umeona kapi. Hapa mtu wa Kyela atainua mkono, maana kwao makapi ni maganda ya mpunga uliokobolewa. Ni kweli, na hayo makapi hayana undugu na kapi ya kamba. Yamegongana njiani tu.

Kitendo cha kupandisha tanga ni kutweka, na hiki nakipenda kukieleza kwa kuwapeleka wanafunzi sokoni. Simama Uyole siku ya viazi. Mama ameinama mbele ya debe lake, anamwita anayepita: "Dada, nitwike." Anaomba asaidiwe kuuinua mzigo hadi kichwani. Akifika atamwomba mwingine amtue. Chomboni mabaharia hutweka tanga na hutua tanga. Kutwika mzigo na kutweka tanga ni maneno yaliyokaa pua na mdomo, yote ni kuinua kitu kikae juu, na kutua ni kukishusha, iwe mzigo wa viazi Uyole, tanga la jahazi, au ndege pale uwanja wa Songwe. Mwanafunzi wa Mbeya anayo tayari nusu ya lugha ya mabaharia mdomoni mwake, anaitumia kila siku ya soko.

Haya, tanga liko juu. Pembe yake ya chini upande wa mbele hufungwa karibu na omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, na mahali pengine hushikiliwa na mti unaoitwa dasturi. (Ndiyo, kwa sauti ni jirani wa desturi ya mila.) Pembe hiyo ya mbele, inayokabili upepo, ndiyo joshi, na wengine hutamka goshi. Pembe ya chini ya nyuma ina kamba ambayo baharia huishika, akiivuta tanga linakaza, akiilegeza tanga linafunguka. Kamba hiyo ndiyo demani. Kutokana na pembe hizo mbili, chombo kizima kikapata pande mbili: upande wa joshi ni ule upepo unakotoka, upande wa demani ni ule upepo unakokwenda. Kwa hiyo mtu akisema "kaa upande wa joshi" hasemi kushoto wala kulia. Upepo ukibadilika, joshi inahama. Hilo ndilo linalowapa shida watu wa nchi kavu, kwa sababu sisi tumezoea pande zisizohama: mlima uko pale, na kesho utakuwa palepale.

Demani ina maana ya tatu, na ni msimu. Pwani ya Afrika Mashariki huishi kwa pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka upande wa kaskazini-mashariki, takribani Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini, takribani Aprili hadi Septemba, na katikati ya mwaka huwa kali. Kusi ikianza kulegea, upepo ukawa mtulivu na bahari ikasafirika, kipindi hicho ndicho huitwa demani, kuelekea Novemba. Na ile miezi ya kupokezana, upepo mmoja umekwisha na mwingine haujashika, huitwa tanga mbili. Chombo kinaweza kwenda huku au kule.

Nilikwenda Bagamoyo kwa ajili ya jambo hili tu. Nilimkuta mzee mmoja ufukweni akishona tanga, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia nimetoka Mbeya na nataka kujua joshi ni nini. Alichukua kijiti, akachora mchangani mshale wa upepo na chombo chini yake, akaniambia, "Mwanangu, hapa huendi." Aliuonyesha mshale. "Upepo ukikutazama usoni, huendi. Lazima ubishe."

Hapo ndipo kila kitu kilipofunguka kwangu. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Tanga litapepea tu kama nguo kwenye kamba, na chombo kitarudishwa nyuma. Kinachowezekana ni kwenda kwa mshazari, kuusogelea upepo kwa ubavu, kisha kugeuza na kwenda kwa mshazari wa upande wa pili, kisha kugeuza tena. Kila safari unapanda kidogo. Huko ndiko kubisha.

Mtu wa Iringa anao mfano mzuri kuliko wa bahari. Panda Mlima Kitonga kwa lori la mzigo. Barabara haikupandi kifuani mwa mlima, kwa sababu hakuna gari litakaloweza. Inakwenda kushoto, inakata kona, inakwenda kulia, inakata kona, na ukitazama chini kwenye korongo unaona ulipopita dakika kumi zilizopita, karibu tu na miguu yako. Umetembea kilomita nyingi ili kupanda kidogo. Kubisha ni Kitonga ya majini, na mlima wenyewe ni upepo.

Kubisha tunakujua kwa maana nyingine mbili, kubisha hodi mlangoni na kubisha katika mazungumzo. Hapa mimi naona undugu wa kweli. Anayebisha hodi anaugonga mlango uliofungwa. Mbishi anasimama mbele ya neno la mwenzake na kulisukuma. Chombo kinachobisha kinashindana na upepo unaokuja mbele yake. Kote kuna kitu kimekukabili na wewe hukubali kurudi.

Turudi sasa kwenye dau la mnyonge. Ili chombo kiende joshi kinahitaji vitu. Kinahitaji tanga zima linalokaza vizuri, maana tanga kuukuu lililovutika hugeuka mfuko na halishiki upepo wa mshazari. Kinahitaji tumbo linalozama vya kutosha na mkuku, ule mti mkuu wa chini ulio kama uti wa mgongo, ili kisiteleze pembeni, na dau ni chombo kidogo ambacho hakizami sana. Kinahitaji watu, kwa sababu kila ukigeuza lazima mtu awe kwenye demani, mwingine kwenye usukani, na wengine waihamishe foromali nzima ipite upande wa pili wa mlingoti, kazi ambayo kwenye chombo kikubwa ni ya kikosi. Mnyonge ana dau dogo, ana tanga lenye viraka, na yuko na mwanawe mmoja. Upepo ukimsukuma kwa nyuma anakwenda vizuri tu kama matajiri. Ukimjia mbele, hana cha kubishia.

Ndiyo maana siipendi tafsiri inayosema methali hii inamwambia maskini akubali hali yake. Haisemi mnyonge ni mvivu wala hajui bahari. Inasema ana ujuzi na hana vifaa. Wapo wanaoimalizia: likienda joshi ni Mungu kupenda. Mwanafunzi anayejua foromali ni nini anausikia uchungu wa maneno hayo. Aliyekariri hausikii.

Kabla sijaliacha tanga, kuna swali ambalo huulizwa kila mwaka: matanga ya msiba ni matanga gani? Kwetu Mbeya mtu akifiwa, majirani huja kulala, wanawake hupika, turubai hufungwa uani, na siku zikitimia matanga huanuliwa. Neno hili la msiba linajitofautisha kwa sarufi. Tanga la chombo lina umoja na wingi, tanga moja, matanga mawili. Matanga ya msiba hayana umoja, hakuna anayesema amekaa tanga. Utakaa matanga, utaanua matanga, siku zote kwa wingi. Kwa hiyo mshairi akiandika kwamba matanga yameshushwa, tazama sentensi nzima, je, kuna upepo au kuna jeneza? Washairi wa pwani wanapenda kuyacheza maneno haya mawili, na asiye makini hulia pale palipo na safari.

Upande wa miti inayokishikilia chombo ndio ulionifurahisha kuliko yote, kwa sababu majibu yalikuwa hapahapa mjini, stesheni ya TAZARA.

Ndani ya jahazi, kuanzia mkuku kwenda juu pande zote mbili, kuna miti iliyopinda ambayo mbao za nje hupigiliwa kwayo. Ni mbavu za chombo. Bila hizo mbao zingeachana maji yakaingia. Mbavu hizo ni mataruma, moja ni taruma. Sasa toka nje ya stesheni, tazama reli. Ile miti ya kulala chini ya vyuma, ambayo kwenye TAZARA ni ya zege, inaitwaje? Mataruma. Reli hii ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, imelala juu ya neno la mafundi wa majahazi. Na neno halikuhamishwa ovyo. Taruma la chombo huzishika mbao zisiachane. Taruma la reli huvishika vyuma viwili visiachane, vikae milimita 1,067 kati yao toka mwanzo hadi mwisho wa njia, maana vikipanuka kidogo treni inaanguka. Ukisimama kwenye daraja la juu ukaitazama njia ikienda mbali, unaona kabisa mbavu.

Kwenye stesheni hiyohiyo utamwona gadi wa treni, na hapa kuna mtego. Gadi wa treni ni mlinzi na msimamizi wa safari, neno lililokuja na Waingereza. Gadi ya chombo ni kitu kingine kabisa. Bahari hupwa na kujaa. Maji yakipwa, jahazi lililokuwa linaelea hujikuta limekaa juu ya mchanga, na kwa kuwa chini lina mkuku, haliwezi kukaa sawa, litalala ubavu na mzigo wake. Basi hutegemezwa kwa miti pande zote mbili. Miti hiyo ndiyo gadi, na kuitia ni kugadimu. Mtu wa Rungwe ataielewa mara moja nikimwambia ni kama ule mti wenye panda tunaoutia chini ya mgomba uliolemewa na mkungu. Mgomba haujafa, una uzito tu ambao shina lenyewe haliwezi kuubeba kwa wakati huo. Chombo nacho hakijaharibika, kinasubiri maji yarudi. Wingi wa gadi hizo ni magadi, na naomba asinielewe vibaya mama anayetia magadi kwenye sufuria ya maharage ili yaive upesi. Sauti moja, vitu vitatu: mlinzi, mtegemeo na chumvi ya kulainishia. Hakuna anayemjua mwenzake.

Mtegemeo mwingine ni ule wa ngalawa. Ngalawa ni mtumbwi mwembamba wenye tanga, na mtumbwi mwembamba ukitwekwa tanga hupinduka. Kwa hiyo hutiwa miti inayotoka ubavuni, kushoto na kulia, na mwisho wake kuna ubao unaogusa maji. Majina yake hutofautiana ukienda huku na kule pwani: mrengu, mrengo, ndubi, matengo. (Ndugu zetu Wamatengo wa Mbinga wasishtuke, jina lao ni lao.) Upepo ukikaza, baharia hutoka akakaa juu ya miti hiyo upande wa joshi ili uzito wake uzuie ngalawa isilale.

Redioni tunasikia mrengo wa kushoto na mrengo wa kulia, lugha ya siasa ambayo chanzo chake ni mpangilio wa viti katika bunge la Ufaransa mwaka 1789. Wengi huufikiria mrengo huo kama bawa la ndege. Mimi nikiusikia naiona ngalawa. Bawa ni la kurukia, na mrengo ni wa kuzuia chombo kisipinduke, tena lazima uwe pande zote mbili. Ukiukata mmoja ili mwingine utawale, nyote mnaogelea. Tofauti hiyo ya picha hubadilisha namna unavyomsikiliza mwanasiasa.

Mtu ataniuliza: na Ziwa Nyasa je? Si tuna maji yetu? Tunayo, na ndiyo yanayoeleza kwa nini maneno haya hayakupanda kuja kwetu pamoja na vitu vyake. Nenda Matema asubuhi, chini ya milima ya Livingstone. Vyombo unavyoviona ni mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja, hiyohiyo inayoleta vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe hadi sokoni. Gogo moja halina mbao za kuungwa, kwa hiyo halihitaji taruma. Halina mkuku wa kuliangusha. Na ziwa halina kupwa na kujaa kama bahari, kwa hiyo hakuna saa ambayo chombo kitaachwa mchangani kikihitaji gadi. Wenye mitumbwi huiburuta tu ufukweni ikalala. Wanakwenda kwa kafi, na hapo napo pana tofauti inayosahauliwa: kafi hushikwa mkononi bila kufungwa popote na mpigaji hutazama aendako, kasia huegeshwa ubavuni mwa chombo na mvutaji hutazama atokako. Huku kwetu vyote viwili tunaviita kasia, wala sioni dhambi, lakini kwenye shairi la pwani anayepiga kafi na anayevuta kasia wanatazama pande mbili tofauti za maisha.

Meli kubwa za Itungi na Kiwira, MV Songea, MV Iringa na MV Mbeya II, zimebeba majina ya miji ya milimani. Hazina matanga, lakini zimehifadhi nanga, nahodha, omo na tezi. Tezi ni nyuma ya chombo. Mwanafunzi wangu mmoja alipoisoma methali ya kwenda tezi na omo marejeo ngamani, aliwaza shingo ya bibi yake, kwa sababu tezi la shingo liliwasumbua sana wazee wa nyanda hizi kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. Ni sauti tu iliyofanana. Methali inasema tembea nyuma na mbele ya chombo upendavyo, mwisho utarudi ngamani, pale chini katikati ambapo maji yanayovuja hukusanyika na lazima mtu ayateke.

Nimelibakiza neno moja makusudi, kwa kuwa tumelivaa sote bila kulitazama. Upepo wa kusi, ukiutia kiambishi cha mahali, unapata kusini, kule kusi inakotoka. Upepo wa kaskazi ukatupa kaskazini. Mashariki na magharibi ni za jua, lakini pande hizi mbili ni za mabaharia. Kwa hiyo Nyanda za Juu Kusini, jina linalosomwa kwenye taarifa za mavuno na utabiri wa hali ya hewa kila siku, lina upepo wa majahazi ndani yake. Na upepo wenyewe unatufikia. Pepo hizo za kusini-mashariki zikipanda ukingo wa Mufindi mwezi Juni na Julai, hubeba unyevu, hupoa, na ndizo ukungu na manyunyu ya baridi yanayotua juu ya chai na juu ya milingoti yetu.

Niliyaeleza hayo darasani wiki chache baadaye. Yule msichana wa Usangu akainua mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo sisi tuko upande wa joshi au wa demani?"

"Inategemea huu ni mwezi gani."

Akageuka kutazama dirishani, ambapo mlima Loleza ulikuwa umefunikwa na wenzake walikuwa wamejikunyata kwenye masweta. Ilikuwa Juni.

"Joshi," akasema.